Umepewa MGB ya Mtu Uifufue: Anza Hivi

Swali ninaloulizwa kuliko yote siku hizi ni hili: "Nimeletewa gari la spoti la Kiingereza, limelala bandani miaka mingi, mwenyewe anataka litembee tena. Nianzie wapi?" Wanaouliza ni vijana wetu walioajiriwa kwenye gereji za Leicester na Coventry, na pia mafundi wa Nairobi na Dar es Salaam waliokulia kwenye Toyota na Nissan, ambao ghafla wamekabidhiwa funguo za gari lililoundwa kabla hawajazaliwa. Ni mafundi wazuri. Lakini wengi huanza kwa kushusha injini, kwa sababu injini ndiyo wanayoijua, na hapo ndipo kazi inapoanza kuharibika.

Nitajibu kwa gari moja, MGB, maana ndilo utakaloletewa mara nyingi. Liliundwa Abingdon, karibu na Oxford, kuanzia 1962 hadi 1980, na ukijumlisha ya wazi na yale ya paa la chuma yaitwayo GT, yalitoka zaidi ya 500,000. Ukiletewa aina nyingine, mengi ya humu yatakufaa, ila tazama kwanza kama lina chesisi yake peke yake, kama Triumph TR6, au bodi yenyewe ndiyo chesisi, kama MGB. Tofauti hiyo inabadilisha kazi nzima.

## Kaa na mwenye gari kwanza

Mwenye Toyota Probox anataka gari lirudi barabarani Jumatatu. Mwenye MGB huenda anataka viti vilevile alivyokalia akiwa mtoto kwenye gari la baba yake, hata kama vimepasuka. Usipomuuliza hutajua, utavitupa na kumwekea vipya, na badala ya shukrani utapata ugomvi. Muulize haya, majibu yaandikwe, mtie sahihi wote wawili:

- Gari litatumikaje? La kutembelea wikendi, la safari ndefu, au la kushindanishwa kwa usafi na uasilia, kama kwenye Concours d'Elegance inayofanyika uwanja wa mbio za farasi wa Ngong, Nairobi? Hizo ni kazi tatu tofauti na bei zake haziko karibu.
- Nini kisiguswe? Usukani wa mzee, redio, mkwaruzo wenye historia. Vipige picha na uviandike.
- Pesa zitatoka kwa hatua zipi? Usikubali bei moja ya kazi nzima. Hakuna anayejua kilichomo ndani ya bati kabla ya kulikata. Gawa kazi: ukaguzi, bodi, breki na miguu, injini, umeme, rangi, viti. Hatua moja ilipwe kabla ya kufungua nyingine.
- Spea za zamani ni za nani? Ni zake, zote, hata zilizooza. Ziweke kwenye boksi mpaka aseme mwenyewe zitupwe. Taa ya zamani ya Lucas yenye ufa mara nyingi ni bora kuliko mpya ya kuigiza.
- Likiungua au likiibwa likiwa kwako, nani analipa? Gari lililofunguliwa vipande linaweza kukaa gerejini mwaka na zaidi. Hakikisheni lina bima inayolitambua likiwa katika hali hiyo.

Utasema wateja wetu hawapendi makaratasi, mteja ataona humwamini. Mweleze kwamba karatasi inamlinda yeye kuliko inavyokulinda wewe. Ukiumwa, ukihama, au gereji ikifungwa, maboksi ya spea yasiyo na orodha ni chuma chakavu tu, na gari la baba yake limekwisha.

## Nambari na kadi

Linganisha nambari ya chesisi kwenye kibati cha gari na iliyo kwenye kadi ya usajili. Zisipolingana, simamisha kila kitu mpaka mwenyewe aeleze. Kisha mshauri aombe cheti kutoka British Motor Museum, Gaydon, wanakotunza kumbukumbu za kiwandani. Cheti kitamwonyesha tarehe gari lilipoundwa, rangi yake ya kwanza na nambari ya injini iliyotoka nayo. Nimeona watu wakibishana miezi kuhusu rangi ya asili, wakati jibu limeandikwa kwenye daftari la kiwanda.

Kwa walioko Uingereza: gari lililopita miaka 40 halilazimiki kupimwa MOT, ikiwa halijabadilishwa mno, na halitozwi kodi ya barabara likiandikishwa kama gari la kihistoria. Hilo lisikudanganye. Sheria bado inamtaka mwenyewe aendeshe gari salama. Mimi hupeleka kila gari nililomaliza likapimwe kwa hiari. Jicho la pili, la mtu asiyenijua wala kunionea haya, lina thamani kubwa kuliko ada ya kipimo.

## Siku ya ukaguzi: sumaku, bisibisi, tochi, jeki

Anzia kwenye vizingiti, ile mihimili ya bati inayopita chini ya milango, kutoka tairi la mbele mpaka la nyuma. Kwa kuwa MGB haina chesisi, vizingiti ndivyo vinavyoshika gari lisikatike katikati. GT husaidiwa kidogo na paa. Gari la wazi halina msaada mwingine wowote.

Ndani ya kila kizingiti kuna tabaka tatu: bati la nje, bati la kati lililosimama, na la ndani, na chini yake kuna mhimili mwingine uliokunjwa. Tope hujazana nyuma ya tairi la mbele, maji yanaingia, na kutu inaanza kula kutokea ndani. Nje utaona rangi inang'aa.

Funga sumaku ndogo kwa kitambaa, uipitishe taratibu. Inakamata juu, ikishuka kuelekea tairi inalegea, halafu inadondoka mkononi mwako. Hapo ni puti. Kuna gari jekundu nililolikata kizingiti, zuri kulitazama, mwenyewe akiwa amesimama kando yangu. Yalitoka magazeti yaliyoshindiliwa, wavu wa nyuzi za kioo, na tope kavu la miaka. Bati la kati halikuwepo kabisa. Gari hilo lilikuwa likitembea barabarani.

Kisha jeki. Tazama mwanya kati ya mlango na nguzo ya nyuma, halafu inua gari polepole mahali pake pa jeki. Mwanya ukibadilika, mlango ukaanza kugoma, au jeki ikazama kwenye bati, vizingiti vimekwisha. Usiendelee kuinua.

Usisahau pia:

- Sakafu chini ya zulia. Toa zulia lote, usitosheke na kupapasa.
- Vikasha vya betri nyuma ya viti. Magari ya kabla ya mwisho wa 1974 yana betri mbili za volti 6, na asidi yake hula bati.
- Pale springi za nyuma zinaposhika bodi. Hapo pakioza, ekseli inaweza kuhama gari likiwa mwendoni.
- Sehemu ya juu ya tangi la petroli, isiyoonekana mpaka tangi lishushwe.

Angalizo: sumaku isipokamata boneti, usikimbilie kusema ni puti. MGB za miaka ya mwanzo zina boneti ya aluminiamu.

Andika ripoti yenye picha, mpigie mwenye gari, na umwambie ukweli hata kama unajua utapoteza kazi. Ikiwa kutu imepita kiasi, mwambie kuna njia nyingine: kampuni ya British Motor Heritage, iliyoko Witney, imekuwa ikitengeneza bodi mpya za MGB tangu 1988 kwa mashine za kiwanda chenyewe. Mara nyingine bodi mpya ni nafuu kuliko saa za kuchomelea viraka. Lakini uamuzi ni wake, maana bodi ya zamani ndiyo gari la baba yake, na kwa Uingereza awaulize DVLA, wanaosajili magari, kwanza ili asije akapoteza nambari ya usajili.

## Bodi kabla ya injini

Hapa ndipo nitakaa zaidi, kwa sababu hapa ndipo magari mengi yanapouawa na watu wenye nia njema. Injini ukiikosea utaifungua tena. Bodi ukiichomelea ikiwa imepinda, imepinda milele: milango haitafunga, kioo cha mbele kitapasuka, na gari litavuta upande.

1. Pima kabla ya kukata. Mwanya wa kila mlango upimwe juu, katikati na chini, mbele na nyuma. Andika vipimo kwenye daftari, siyo kichwani.
2. Weka bodi sawa kwa pima maji. Stendi zikae chini ya sehemu zinazobeba miguu ya gari, mbele na nyuma. Zisikae chini ya kizingiti unachokwenda kukata.
3. Kwenye uwazi wa mlango, chomelea kwa muda pau ya chuma kutoka nguzo ya mbele hadi ya nyuma. Iweke kwa ndani ili mlango uweze bado kufungwa.
4. Kata upande mmoja tu. Umalize, upoe, upime tena, ndipo uende wa pili. Ukikata pande zote mbili kwa pamoja, gari la wazi litajikunja katikati.
5. Shikiza bati jipya kwa nukta chache za moto. Tundika mlango, ufunge, pima mianya. Ikiwa sawa ndipo uchomelee, ukiruka kutoka sehemu moja kwenda nyingine ili joto lisikusanyike mahali pamoja.
6. Paka rangi ya zinki kwenye nyuso zitakazofichwa kabla ya kuzifunika. Maungio yote yazibwe. Gari likishapakwa rangi, puliza nta ndani ya vizingiti kupitia matundu yake, na uhakikishe matundu ya kutolea maji hayajazibwa na hiyo nta.

Sasa onyo kubwa kuliko yote humu. Bati la nje la kizingiti halianzii pale unapoliona. Linapita nyuma ya madigadi ya mbele na kuingia ndani ya yale ya nyuma. Madigadi ya mbele yamefungwa kwa bolti, unaweza kuyatoa. Ya nyuma yamechomelewa, kwa hiyo lazima ukate kipande chake cha chini. Ni kazi ndefu, na ndiyo sababu watu wamebuni njia ya mkato: bati jembamba la kufunika, linalochomelewa juu ya kizingiti kilichooza. Linapendeza kwa mwaka mmoja au miwili, huku kutu ikiendelea chini yake. Mteja akikuomba ufanye hivyo kwa sababu ya bei, kataa. Siku atakapogongwa ubavuni, atakuwa amekaa nyuma ya bati hilo.

Kuhusu kusafisha rangi kwa mchanga wa kupuliza: sakafu na vyuma vizito sawa. Boneti, milango na mapana yote hapana. Bati pana likipata joto la mchanga hujikunja na halirudi. Tumia dawa ya kutolea rangi na msasa, uwe na subira. Vumbi la rangi ya zamani linaweza kuwa na risasi, kwa hiyo barakoa nzuri, na watoto wasicheze karibu.

## Picha, mifuko na spana za inchi

Piga picha kila kitu kabla ya kukifungua, kutoka mbali na karibu. Mkono wako uonekane kwenye picha ukionyesha upande wa mbele wa gari. Bolti za kila sehemu ziwe na mfuko wake wenye jina, tarehe na idadi. Usimwage bolti zote kwenye ndoo moja. Mwaka ukipita hakuna atakayekumbuka.

Kwa mafundi wa nyumbani, hili ni muhimu: spana zenu za namba 10, 12 na 14 ziacheni kabatini. Bolti za MGB karibu zote ni za inchi. Bolti ya robo inchi hutumia spana ya 7/16, ya 5/16 hutumia spana ya 1/2, ya 3/8 hutumia spana ya 9/16. Spana ya milimita 14 itakaribia kuingia kwenye 9/16, na 13 itaonekana kushika 1/2, lakini nati iliyoganda ikishaviringwa kingo utaikata kwa grainda. Nunua seti moja nzuri ya inchi kabla ya kuanza. Na kamwe usilazimishe bolti ya milimita kwenye tundu la inchi ati kwa sababu imeingia mizunguko miwili.

## Breki na miguu, halafu ndiyo injini

Utauliza kwa nini breki zitangulie. Kwa sababu mwenye gari akisikia injini imewaka atataka kuzunguka nalo mtaa mzima, na hutaweza kumzuia. Lisiwake kabla halijaweza kusimama.

MGB nyingi, hasa zilizouzwa Uingereza kabla ya miaka ya mwisho, zina mfumo mmoja tu wa breki. Hozi moja ikipasuka, magurudumu yote manne yamekosa breki. Kwa hiyo:

- Badilisha hozi zote za mpira, hata zinazoonekana nzima. Umri wake ndio unaoziua.
- Mabomba ya chuma yenye kutu yatoke yote, yawekwe ya mchanganyiko wa shaba na nikeli.
- Masta silinda na silinda za magurudumu ya nyuma zikivuja, weka mpya. Kuzisugua kwa msasa na kurudisha si ukarabati.
- Tumia mafuta ya breki ya DOT 4. Yale ya silikoni, DOT 5, hayachanganywi nayo hata tone.
- Usipulize vumbi la breki wala klachi kwa kompresa. Pedi na viatu vya zamani vinaweza kuwa na asbesto. Lowesha kwa maji, futa kwa kitambaa, kitambaa kifungwe kwenye mfuko.

Miguu ya mbele inaishi kwa grisi. Kila upande una vichuchu vitatu kwenye nguzo inayogeuza tairi. Inua gari ili uzito utoke, ndipo upige grisi mpaka uone safi inatoka. Ukipiga gari likiwa chini, grisi haifiki panapohitajika. Hapa ndipo gari lililotunzwa hutofautiana na lililotelekezwa.

Ikiwa ni magurudumu ya waya, kagua meno ya ndani ya rimu na ya habu. Meno yaliyochongoka yabadilishwe yote mawili pamoja, maana jipya juu ya bovu huliwa upesi. Habu za kulia na kushoto zina nyuzi zinazokwenda kinyume ili nati ya katikati isijifungue gari likitembea. Ukizibadilishana pande, tairi litatoka njiani.

Na tairi zenyewe? Angalia umri, siyo kashata. Tairi lililolala bandani tangu gari liegeshwe halina mjadala.

## Injini: usiifungue kwa hamu

Injini ya MGB ni ya sentimita za ujazo 1,798, silinda nne, chuma kizito kisicho na makuu. Nyingi hufunguliwa bila sababu. Ikiwa imelala, usiwashe stata. Fanya hivi:

1. Toa plagi zote nne. Tia oili nyepesi kidogo kwenye kila silinda, uache usiku kucha.
2. Izungushe kwa mkono, kwa spana kwenye nati ya puli ya mbele, gia ikiwa huru. Ikigoma usitumie nguvu. Ongeza oili, subiri siku kadhaa.
3. Mwaga oili ya zamani, weka filta mpya na oili ya 20W-50.
4. Plagi zikiwa bado nje, piga stata mpaka geji ya oili ipande. Isipopanda, simama utafute sababu.
5. Mwaga petroli yote iliyolala. Safisha tangi au weka jipya. Tangi lililowahi kuwa na petroli usilikaribie na moto wa kuchomelea, hata kama limekauka miaka.

Ikiwaka na kupata joto, geji ikasoma kati ya pauni 50 na 80 gari likiwa kwenye mwendo, na silinda zote nne zikawa na kompresheni inayokaribiana, iache. Pesa za mwenyewe zipeleke kwenye bodi.

Ikilazimika kutoka, kumbuka gia boksi ya MGB haitoki bila injini kutoka. Ndiyo maana kubadilisha klachi tu ni kazi ya kushusha kila kitu. Ukishaishusha, weka klachi mpya yote, pamoja na ile ringi ya kaboni inayosukuma klachi, na sili ya nyuma. Mwambie mwenyewe asipumzishe mguu kwenye pedali, kwani ringi ya kaboni huliwa hivyo. Na gia boksi yake inakunywa oili ileile ya injini. Oili nzito ya difu usiitie humo, hasa kama lina ovadraivu.

Kabureta mbili za SU zinawatisha wengi bure. Toa kisafisha hewa, tia kidole, nyanyua pistoni ya ndani mpaka juu, uiachie. Inapaswa kushuka laini na kugota kwa mlio mkavu wa chuma. Ikishuka kwa kusitasita au ikikwama, kikombe kina uchafu au sindano haijakaa katikati. Safisha kwa kitambaa na petroli, bila msasa, na usichanganye kikombe cha kabureta moja na pistoni ya nyingine, maana kila jozi ilichongwa pamoja. Tia oili kidogo kwenye tundu la juu. Kabla ya kugusa skrubu yoyote ya marekebisho, hakikisha valvu, pointi na plagi ziko sawa. Matatizo mengi yanayolaumiwa kabureta yako kwenye moto wa plagi.

Kuhusu petroli: injini hizi zilizoea yenye risasi, iliyoondolewa Uingereza mwishoni mwa 1999 na kwetu Afrika Mashariki kufikia mwanzo wa 2006. Hutakiwi kufungua silinda hedi kwa ajili hiyo tu. Pima mianya ya valvu mara kwa mara. Ikianza kupungua yenyewe, viti vya valvu vinaliwa, na hapo hedi itoke iwekwe viti vigumu. Jingine ni petroli ya E10, iliyoanza kuuzwa kama ya kawaida Uingereza mwezi Septemba 2021. Pombe iliyomo hulainisha mipira ya zamani. Badilisha mipira yote ya petroli kwa ile yenye alama ya R9, na mwenyewe atumie E5. Mpira wa petroli unaovuja juu ya ekzosti ndio unaochoma magari haya.

## Umeme

Kabla ya kuunga betri, jua upande gani umeungwa kwenye bodi. MGB za kabla ya mwishoni mwa 1967 zilitoka kiwandani chanya ikiwa kwenye bodi, kinyume cha magari yote uliyozoea. Nyingine zimeshabadilishwa, nyingine bado, kwa hiyo usikisie. Ukikosea utaunguza dainamo au oltaneta, pamoja na redio.

Rangi za waya za Lucas zina mpango wake, na ukizijua hutapotea: kahawia ina moto muda wote; nyeupe hupata moto ukifungua swichi; kijani ni hiyohiyo baada ya kupita kwenye fyuzi; zambarau ina moto muda wote kupitia fyuzi; nyekundu ni taa ndogo; bluu ni taa kubwa; nyeusi ni ya kwenye bodi. Waya ukiwa na mstari wa rangi ya pili, huo ni tawi la ule wa kwanza. Yeyote anayeunga waya mwekundu mahali pa kijani kwa sababu ndio aliokuwa nao mkononi anamwachia fundi ajaye mateso.

Matatizo mengi ya umeme ni kuungana vibaya na bodi. Baada ya kupaka rangi mpya, kwangua mpaka bati kila mahali panapofungwa waya mweusi, kaza, kisha upake grisi. Fyuzi ya asili imeandikwa 35, lakini hiyo ndiyo nguvu inayoikata. Uwezo wake wa kubeba muda wote ni 17. Ukiweka fyuzi ya kisasa ya 35, waya utaungua kabla yake.

## Maoni mnayonipa mara kwa mara

"Kwa nini nisiweke injini ya Kijapani, spea ziko kila kona?" Ukiulizwa na mwenye gari, mweleze faida na hasara, lakini usianze wewe. Spea za injini ya MGB zinauzwa Uingereza mpaka leo, mpya, na husafirishwa. Ukikata bodi ili injini nyingine iingie, hakuna kurudi, na kwa Uingereza hilo linaweza kumpotezea ile nafuu ya miaka 40.

"Spea za bei nafuu zinafanana tu." Kwa trimu, huenda. Kwa mipira, kondensa, rota ya distribyuta na chochote cha breki, nunua bora unachoweza kupata, na uulize wenye magari haya, kwa mfano MG Car Club iliyoanzishwa 1930, nani anauza nzuri kwa sasa.

"Mteja ana harusi mwezi ujao." Mwambie akodi gari.

"Nipake rangi mapema apate moyo?" Hapana. Rangi ije baada ya gari kufungwa lote kwa majaribio, milango, boneti, bampa na taa, kisha lifunguliwe tena. Ukipaka kwanza utakwaruza kila kitu ukifunga. Kumtia moyo, mtumie picha kila wiki, hata kama wiki hiyo umechomelea kipande kidogo tu.

## Kukabidhi

Mpe mwenyewe faili: picha zote, orodha ya vilivyobadilishwa, risiti, na orodha ya ambavyo hukubadilisha na sababu yake. Kaa naye ndani ya gari. Mwonyeshe namna ya kuvuta choki, kusoma geji ya oili, kuongeza oili ya kabureta na kupiga grisi. Mpe kizima moto kilichofungwa mahali mkono unafika akiwa ameketi.

Mwambie arudi baada ya maili 500, na hilo liwe ndani ya bei. Siku hiyo kaza tena nati za magurudumu, bolti za miguu na za springi, pima mianya ya valvu, badilisha oili, angalia kila kiungo cha breki na petroli kwa tochi, na upime tena mianya ya milango ukilinganisha na vile vipimo vya daftarini.